Meza ya Kijani ya Ustadha Kawthar

Al Amerat, Maskati
12 Septemba 2025

Dada yangu Kheiria,

Salamu kwako na kwa Mama. Kama anakula, nashukuru. Kama hali, mwambie Ishaq anakuja kumlisha kwa mkono wake, atakula kwa hofu.

Umesema mambo ya mtoto tusiyaseme kwenye simu, tuandikiane, ati kwenye simu mimi naongeza chumvi, na kalamu itanichosha mkono kabla sijafika mbali. Haya. Nimenunua kalamu. Barua anaichukua jirani anayekuja harusini huko Unguja, nimemwambia akiipoteza asirudi Oman.

Khabari kubwa ni hii: mwanao Hadeel kaanza darasa la tatu na skuli nzima imejua. Jumapili nilimpeleka mwenyewe kwa pikapu, nimeiosha mpaka ndege wakawa wanajitazama kwenye boneti. Unajua tangu soko la matunda lihame kutoka Mawaleh likapelekwa mbali kule Barka, mimi hutoka nyumbani kabla jogoo hajajua jina lake. Lakini siku ile niliwaambia wateja: leo hakuna matikiti, leo kuna elimu. Soko likasimama, Dada. Nnakwambia likasimama.

Skuli ni ya serikali, lakini usifikirie ile yetu, watoto mia na dirisha moja. (Mimi niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu walikwishamaliza cha kunifundisha.) Hapa watoto hawakai safu. Wanakaa kwenye meza, na kila meza ina rangi yake. Nilikaa nyuma ya darasa nimefunga mikono kama mkaguzi, mwalimu akasomesha mbele yangu. Anaitwa Ustadha Kawthar. Kipindi kinaanza wote wako chini kwenye zulia, anawapa jambo moja tu, fupi, halafu kila mtoto anakwenda mezani kwake, na kila meza ina kazi yake mbali. Nikamuuliza, "Kazi mbali mbali za nini, darasa si moja?" Akasema, "Mzee Ishaq, swali hilo hajaniuliza mtu tangu nianze kazi."

Sasa shika moyo. Kabla ya kuwapanga alimsikiliza kila mtoto akisoma, mmoja mmoja. Na mwanao, aliyefika juzi kutoka Unguja, Kiarabu chake cha kuombea maji tu, kachaguliwa meza ya kijani! Meza ya kijani iko mbele kabisa, na mwalimu mwenyewe ndiko anakokaa. Meza nyengine anapita tu na kuchungulia. Wewe niambie, mwenye nyumba anakwenda kukaa na mgeni gani? Si yule mtukufu?

Nikanunua sahani ya haluwa ya zaafarani, kubwa kama gurudumu, na birika la kahawa, nikawapelekea walimu wote. Wamekula mpaka kengele ikachelewa.

Wifi yako Nasriya anakusalimu. Anasema nikuandikie kwamba tangu mtoto aje nyumba ina kelele. Miaka yote hii ilikuwa na televisheni tu.

Ndugu yako,
Ishaq, msimamizi wa elimu, Al Amerat


Kikwajuni, Unguja
25 Septemba 2025

Ishaq ndugu yangu,

Mama anakula. Nilipomsomea kwamba unakuja kumlisha aliomba bakuli la pili.

Umesahau kwamba na mimi nilikaa Maskati. Skuli za watoto wa darasa la kwanza mpaka la nne huko ni za walimu wanawake watupu, na mwanamume huishia getini. Ulikaa nyuma ya darasa? Ulikaa nyuma ya usukani, na kiyoyozi kimewashwa. Lakini mengine najua umeyapata kwa Nasriya na kwa mtoto, kwa hiyo nayaamini, na yamenishughulisha kuliko ulivyotaka.

Hebu niulizie, kwa Nasriya, maana wewe utajijibu mwenyewe. Mwalimu akikaa meza moja, hizo nyengine nani anazizuia zisipigane? Kazi ya kila meza anaitayarisha lini? Mtoto akishajua lile lililomshinda, anahama, au meza ndiyo jina lake mpaka mwisho wa mwaka? Mimi darasa langu lina watoto sabini na mbili na ubao mmoja. Nasema, wanaitikia. Wanaojua wanaitikia kwa niaba ya wasiojua, na sauti inakuwa nzuri, tena kubwa. Juzi baada ya barua yako nilimwita mmoja aitikie peke yake. Hakuwa na neno. Mtoto huyo nimemsomesha tangu mwezi wa kwanza.

Kuhusu haluwa: umewahi sana. Mwalimu mwenye akili hakai na wanaojua. Wanaojua anawapa kazi na kuwaacha waende. Hadeel kawekwa mbele kwa sababu hasomi, na hilo halinitii aibu, linanipa raha. Kuna mtu kamwona. Usiliguse.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sitalirudia. Nilimtuma mtoto kwako asome huko aliko baba yake, kwa sababu mimi siwezi kumwacha Mama nikaja naye, na baba yake yuko jangwani kwenye mafuta, huonekana kama mwezi. Sikumtuma akae kama pambo. Mpaka likizo ya Januari awe anasoma ukurasa mmoja wa Kiarabu, kwa sauti yake, mbele ya watu. Akishindwa, namrudisha Unguja, hapa ambako angalau lugha ya mwalimu ni lugha ya nyumbani. Usiniombe baadaye. Mwaka wa mtoto haurudishwi.

Dada yako,
Kheiria


Al Amerat
9 Oktoba 2025

Dada Kheiria,

Nimeisoma barua yako nimesimama, maana ukiniandikia hivyo siwezi kukaa.

Kwanza, suala la geti. Mimi sikusema niliingia kwa miguu. Mtu anaweza kukagua kwa macho. Macho yangu unayajua, nikiwa mlimani juu ya Amerat naona rangi ya kanzu ya mtu aliye Bausher.

Pili, maswali yako. Nasriya kauliza na Hadeel kajibu. Meza nyengine hazipigani kwa sababu kila moja ina kadi za kazi kwenye kikapu, ukimaliza kadi unachukua nyengine, na kwenye kila meza yuko mtoto mmoja wa zamu, ndiye wanayemuuliza kabla ya kumsumbua mwalimu. Kadi, walimu wa darasa la tatu wanazitengeneza pamoja siku moja kwa wiki, watoto wakishaondoka. Halafu mwalimu huyu anaingia darasa la yule kutazama tu, anakaa kimya, na kesho yule anaingia kwa huyu. Mimi ningekuwa mwalimu nisingekubali kutazamwa, ningewatia wenzangu unyonge.

Tatu, hiyo meza ya kijani. Mimi nilijua tangu mwanzo. Haluwa nilipeleka kwa ukarimu tu. Lakini Ijumaa tulialikwa kwa bin-ami yetu Loai, familia nzima imezunguka sinia la wali, na binti yake Atheer, anayesoma darasa moja na wetu, akasema mbele ya wote, mdomo umejaa, "Hadeel yuko meza ya wasiojua." Watu wakacheka, Dada. Loai naye akacheka, Loai niliyemfundisha kuendesha gari! Hadeel akatazama nyama.

Mjukuu wa mzee wetu, meza ya wasiojua? Mimi nikiwa hai?

Basi usiwe na wasiwasi, nimelitengeneza. Sisemi nimefanya nini. Mwanamume hasemi. Nilinyanyua simu tu, na unajua Loai yuko kwenye kamati ya wazazi ya skuli, na unajua ana deni langu la heshima. Tangu Jumatatu mwanao yuko meza ya bluu, meza ya Atheer, meza ya wakubwa. Mwalimu hawasogelei, kwa heshima. Ukurasa mmoja tu unataka? Januari atakusomea gazeti.

Siku hizi kawa mtulivu. Zamani akirudi hanyamazi, ati Mjomba nambie ile ya papa uliyemvua Sidab, Mjomba nambie ile ya matikiti. Sasa anakula, anakwenda chumbani. Ndivyo wanavyokuwa wasomi.

Ndugu yako anayekutakia mema,
Ishaq


Al Amerat
20 Oktoba

Kwa Mama mpenzi,

Hujambo? Bibi hajambo? Mimi sijambo. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiarabu bado. Mkaza mjomba kanipa karatasi na atakupelekea yeye, Mjomba hajui.

Mama, mimi sasa nakaa meza ya bluu. Mjomba alizungumza na Ami Loai, na Ami Loai akazungumza na mkuu wa skuli. Meza ya bluu kila mtu anachukua kadi anasoma mwenyewe. Mimi nachukua kadi, natazama Atheer anaandika nini, na mimi naandika. Zote sahihi. Ustadha akipita anaona sahihi anakwenda.

Meza ya kijani tulikuwa watano. Asubuhi kila mmoja anasimulia kitu cha nyumbani, na Ustadha anakiandika ubaoni kwa Kiarabu, halafu uliyesimulia unakisoma. Siku moja nilisimulia Mjomba alivyovua papa kwa kilemba. Maneno nilikuwa sina, nikaonyesha kwa mikono, nikavua skafu nikaitupa. Ustadha alicheka mpaka akakaa. Kisha akaandika, nikasoma. Neno "papa" nalijua mpaka leo, na "kilemba", na "alivuta".

Meza ya bluu hawasimulii.

Mama usimwambie Mjomba nimesema. Anafurahi sana mimi kuwa bluu. Anawaambia watu wote dukani.

Mimi mwanao,
Hadeel


Kikwajuni
3 Novemba 2025

Ishaq,

Leo sianzi na Mama.

Mtoto kaniandikia. Usimwulize, usimkasirikie, na Nasriya usimnunie. Ungekuwa hapa ningekuvuta sikio mbele ya watu, pamoja na mvi zako.

Umechukua mtoto aliyekuwa anasikilizwa kila siku na kumpeleka anakotazamwa kwa mbali. Ulijua kupiga simu kumtafutia mtu kazi, kibali, kitanda cha hospitali, ukadhani na kusoma kunapatikana hivyo hivyo, mtu anampigia mtu na mtoto anapanda. Anapanda kwenda wapi, Ishaq? Ananakili kadi za Atheer. Zote sahihi! Hilo ndilo linaloniogopesha. Angekosea, mwalimu angesimama.

Mimi nimekuwa nikikuuliza kwa udadisi wa kazi yangu, na nitakwambia nilichofanya. Sina meza za rangi. Nimetandika mkeka mbele, karibu na ubao. Kila asubuhi naanza na darasa zima, jambo moja fupi kama Ustadha Kawthar, kisha wengi wanaandika na kusaidiana, na mimi navua viatu nakaa mkekani na watoto wanane. Nawasikiliza mmoja mmoja. Siku ya kwanza darasa lilipiga kelele kama soko la samaki, mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Siku ya pili nikaweka watoto wa zamu, kama ulivyosema. Leo yule asiyekuwa na neno kasoma mstari. Kakosea nusu yake, lakini ni yeye aliyekosea, si darasa. Nilikuwa nikitaka kujua watoto wangu wanasikia nini ninaposema, na sasa najua, na si kile nilichodhani.

Kwa hiyo haya mambo nimeyapata kwako, na wewe mwenyewe umeyavunja nyumbani.

Nenda skuli. Wewe, kwa mdomo wako. Si Loai, si simu, si haluwa. Mwambie Ustadha amrudishe meza ya kijani. Januari iko palepale na sisogezi hata siku. Tiketi nitaikata mimi.

Na jambo moja zaidi, hili kwa udadisi tu. Papa wa Sidab alivuliwa kwa kilemba? Mimi uliniambia kwa mshipi wa kuvulia.

Kheiria


Al Amerat
21 Novemba 2025

Dada Kheiria,

Nimekwenda.

Nilivaa kanzu mpya, nikafunga kilemba kile cha Kashmiri, maana mtu anayekwenda kujishusha ajishushe kutoka juu. Bawabu getini akaniuliza, "Mzee, una miadi?" Nikamwambia mimi na miadi hatujuani. Akaniambia basi subiri nje. Nikasubiri. Jua la Amerat unalijua, linatoka kwenye mawe na kwenye mbingu kwa pamoja. Wakapita wazazi, wakapita watoto, wakanisalimu, wengine ni wateja wangu. Nilisimama pale mpaka Nasriya akaja na teksi kutoka kwa mama yake, akaingia ndani kuniombea. Ndipo mkuu wa skuli akakubali niletwe ofisini, mlango wazi, Nasriya pembeni yangu.

Ustadha Kawthar ni mdogo, Dada. Nilidhani ni mtu mzima. Ana umri wa kuwa binti yangu, na mikono imejaa wino wa kalamu za ubao.

Nikaanza, "Mwanangu, mimi ndiye mlezi wa Hadeel." Nilikuwa nimetayarisha hotuba, ina kisa cha babu yetu ndani yake. Akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye matikiti?"

Nikasema, "Yapi? Nnayo mengi."

"Yaliyosimamisha gari mlimani."

Basi, hotuba ikanitoka. Nikamwambia nataka arudi meza ya kijani. Akasema, "Niliambiwa kumtoa ni matakwa ya familia." Nikasema familia ndiyo mimi. Akaweka kalamu chini, akanitazama. Kutazama kwa mwalimu unakujua wewe, ndiyo kazi yako. Nasriya akanikanyaga mguu. Nikasema, "Nilikosea kukuingilia." Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema, na mkuu wa skuli ni shahidi.

Ndipo akanieleza, na mimi nikamuuliza, wallahi nilikuwa nataka kujua. Kumbe meza si daraja, Dada. Kila baada ya wiki chache anamsikiliza kila mtoto tena, na anawachanganya upya. Mtoto anaweza kuwa kijani kwenye kusoma na bluu kwenye hesabu siku ileile. Atheer mwenyewe hesabu anakaa kijani! (Hili sikulisema kwa Loai. Bado.) Mwaka juzi watoto wengi walifika darasa la nne hawasomi, na wote walikuwa wameitikia vizuri, kama hao wa kwako. Ndio walimu wakakaa wakaamua: jambo fupi kwa wote, kisha mwalimu aende kwa anayemhitaji.

Nikamuuliza, "Na hayo masimulizi ya asubuhi ni ya nini? Watoto wamekuja kusoma au kupiga soga?" Akasema mtoto anasoma kwa wepesi neno alilolisema kwa mdomo wake. Hadeel ana mambo mengi ya kusema, ila yote yako kwenye Kiswahili. Kazi ni kuyavusha. Wengine huja na "jana tulikula", "jana tulilala". Hadeel anakuja na papa.

Halafu, Dada, kaa kitako, akanipa kazi. Kila siku baada ya magharibi nimsimulie mtoto kisa kimoja, kwa Kiswahili. Yeye asimulie tena kwa Kiarabu kwa Nasriya, kesho aende nacho mezani. Masharti: kiwe kifupi. Kiwe na vitu vinavyoonekana. Na kiwe na mwisho.

Mimi! Nipewe mipaka! Siku ya kwanza nilipofika katikati ya bahari Hadeel akaniambia, "Mjomba, imeshakuwa ndefu." Lakini nimejitahidi. Kwa hiyo ukiulizwa ndugu yako anafanya nini Maskati, sema ni mwalimu wa serikali, kitengo cha jioni.

Mtoto karudi kijani. Jana kaniamsha kwenye kochi kutaka kisa.

Papa alikuwa wa mshipi. Kilemba kiliongezwa baadaye.

Ishaq


Kikwajuni
2 Desemba 2025

Ishaq,

Mama kasikiliza barua yako mara mbili. Ulipofika kwenye bawabu alicheka mpaka nikamletea maji. Anasema kuwekwa getini kulikuwa kunakungoja tangu ulipotoroka darasa la sita kwa dirishani.

Umefanya vizuri. Naliandika hili mara moja, lihifadhi.

Bado nina hofu. Wiki sita zimepotea meza ya bluu na mtoto ni mtoto. Nasriya kanambia Ustadha ameweka siku ya wazazi katikati ya mwezi, watoto wasome kila mmoja alichokitunga. Hiyo iwe ndiyo siku yangu pia. Sitaweza kusikiliza kwa simu, ni saa ya vipindi vyangu na Mama ana zamu ya daktari. Kwa hiyo utaniandikia wewe.

Ona mambo yalivyonifika, Ishaq. Nnataka kujua kama mwanangu anasoma, na shahidi wangu ni wewe. Niandikie alivyosoma. Usimpambe. Nikikuta hata sifa moja ya ziada nitajua kwamba hakusoma.

Mkekani sasa wako watano. Watatu wamehama, na wawili kati yao si wale niliodhani watahama.

Kheiria


Al Amerat
18 Desemba 2025

Dada Kheiria,

Nnaandika leo leo, kabla kisa hakijaanza kukua.

Siku ya wazazi, wanaume tuliruhusiwa kuingia. Bawabu yuleyule akanifungulia, akasema, "Karibu, mzee wa miadi." Darasa ni dogo kuliko nilivyokuambia. Meza nne. Hadeel sasa yuko meza ya njano. Sijui njano ni nini. Sikuuliza.

Ukuta wa nyuma wamebandika kurasa za watoto, visa vyao, kila mtoto na ukurasa wake na picha yake chini. Nikaona picha ya pikapu, nyeupe, imeinamia puani. Mwenye kilemba dirishani ni mimi, pua nimetambua.

Sasa unajua kile kisa. Wewe umekisikia, Mama amekisikia, Loai amekisikia kila Idi, soko zima la Mawaleh lilikijua kabla halijahama. Nateremka njia ya mlima kutoka Amerat, breki zimekufa, nyuma nna matikiti mia mbili, mbele yangu korongo. Nnanyoosha mkono nje ya dirisha, nnayaviringisha matikiti moja moja chini ya magurudumu, yanapasuka, barabara inakuwa nyekundu, gari inapunguza mwendo tikiti baada ya tikiti mpaka inasimama ukingoni, limebaki moja, nalipasua nalila. Polisi wakanipigia saluti.

Wakaanza kusoma. Atheer alisoma vizuri. Akaja mtoto wa Sidab akasoma kuhusu paka. Kisha akaitwa Hadeel.

Akaishika karatasi kwa mikono miwili. Loai alikuwa amekaa kiti cha mbele yangu. Hakuna aliyekuwa anacheka.

Nakuandikia alichosoma, nimekitoa ukutani kwa macho yangu na Nasriya kanisaidia kukigeuza Kiswahili:

"Mjomba wangu anauza matikiti. Siku moja aliteremka mlima. Breki zilikuwa moto na zilitoa moshi. Mjomba aliogopa. Alisimamisha gari kando ya mlima akangoja zipoe. Tikiti moja lilianguka. Lilikwenda mpaka chini. Mjomba alilitazama mpaka halikuonekana. Kisha akarudi nyumbani."

Kwisha.

Alikwama mara mbili, Dada. Mara ya kwanza kwenye neno "moshi", Ustadha akataka kumsaidia, Hadeel akatikisa kichwa, akarudi mwanzo wa mstari akalipita. Mara ya pili kwenye "halikuonekana". Hapo alikaa sana. Nikasikia watu wanajikohoza. Akalikata vipande, akavisema kimoja kimoja, akaviunga. Mengine yote alisoma bila kusimama. Sauti ilikuwa ndogo lakini mimi niliyekaa nyuma nilisikia. Sikuongeza kitu hapo. Muulize Nasriya. Muulize Loai, ambaye angefurahi kusema vyengine.

Walipopiga makofi Loai akageuka, kanikazia macho. "Ishaq," kaniambia, na watu wote wanasikia, "matikiti mia mbili, au moja?"

Nikamtazama Hadeel. Alikuwa bado amesimama pale mbele, karatasi kifuani. Baadaye nimemuuliza kapata wapi kisa hiki, maana mimi sijawahi kumsimulia hivi. Kaniambia Ustadha alimuuliza, "Una hakika na matikiti yote hayo?" Akaenda akafikiri, akarudi akasema ana hakika na moja, kwa sababu kila nikisimulia idadi hubadilika, lakini lile moja lililobaki halikosekani. Na kuhusu kuogopa, kasema alijua mwenyewe. Nikifika pale, kasema, huwa nashika goti.

Lakini wakati ule nilikuwa sijayajua hayo. Niliona tu mtoto anayeningoja nijibu. Nikisema mia mbili, atakuwa kasoma uongo mbele ya watu, ukurasa wake wa kwanza.

Nikasema, "Moja."

Loai akafungua mdomo. Nikamwambia, "Kama mtoto alivyosoma. Na niliogopa."

Mtoto akarudi kukaa. Basi, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ukurasa mmoja, kwa sauti yake, mbele ya watu. Ijumaa mpigie akusomee mwenyewe, usiniamini mimi. Tiketi usiikate ya kumchukua. Ikate ya kuja na Mama akipata nafuu, chumba kipo, na jioni kuna vipindi.

Ndugu yako,
Ishaq

Lakini lilikuwa kubwa, Dada. Tikiti lile. Kubwa wallahi.